Kisigino Kinakudunga Kila Asubuhi? Soma Hii Kabla Ulipie Shokwevu

Alamu inalia saa kumi na moja. Unateremsha miguu chini, hatua ya kwanza tu, na kisigino kinakudunga ni kama umekanyaga msumari. Hatua ya pili umeshika ukuta. Ukifika bafu imepoa kidogo, ukifika steji umeisahau. Alafu jioni unaketi nusu saa, unasimama uende kuchukua chaja, na msumari umerudi.

Kama umejiona hapo, karibu. Haya si maumivu ya wazee peke yao. Ni ya msee anayebeba magunia ya mahindi Kitale, kilo tisini kwa mgongo, sapatu kwa miguu. Ni ya dem anayesimama kwa duka la nguo Bungoma kutoka asubuhi mpaka giza, kwa sakafu ya simiti, juu aliambiwa kiti ni cha wateja. Ni ya weita, ya soja wa geti, ya mwalimu, ya mtu wa chapo. Na ni ya ile mbogi iliamua Januari kukimbia kilomita kumi kila siku na raba za mtumba zenye soli imekwisha.

Na penye maumivu hapakosi biashara. Ukianza kulalamika kuhusu kisigino, bega ama kiwiko, lazima mtu akuambie, "Enda upigwe shokwevu, utapona." Mwingine anakuambia hiyo ni njia ya kukula ganji yako. Wote wawili wako na ukweli kiasi. Mashine inafanya kazi kwa watu fulani, kwa shida fulani, kwa wakati fulani. Ukiwa nje ya hiyo laini, unalipia kelele.

Ni hewa, si stima

Kiswahili chake ni tiba ya mawimbi ya mshtuko, na ile iko kwa kliniki nyingi za fizio ni aina ya radiali. Neno mshtuko lisikutishe. Hakuna umeme unaingia kwa mwili.

Unajua kompresa ya jamaa wa pancha? Ndani ya hii mashine kuna kakompresa ka aina hiyo, kadogo. Kanasukuma hewa kwa presha ya ba 1 hadi kama 4 ama 5. Tairi ya Probox inabeba kitu ba 2, ndiyo ujue tunaongea kuhusu nini. Hiyo hewa inapitia paipu mpaka kwa kitu kinafanana na bunduki ya kupaka gari rangi. Kwa mtutu kuna karisasi ka chuma. Hewa inakafyatua, kanakimbia, kanagonga kichwa cha chuma chenye kimeshikilia ngozi yako. Karisasi hakatoki nje, tulia. Kinachoingia kwa mguu ni ule mshindo. Kanarudi nyuma, kanagonga tena, mara 5, 10, hata 15 kwa sekunde moja. Sauti yake ni kama fundi wa mawe amepewa chai kali.

Sasa kwa nini inaitwa radiali? Tupa jiwe kwa Mto Nzoia. Wimbi linaanzia pale jiwe limeanguka, linasambaa pande zote, na kadiri linaenda mbali ndivyo linakufa. Ndivyo hii mashine iko. Nguvu zote ziko karibu na ngozi, na ukishuka sentimita 3 ama 4 ndani, imebaki kidogo sana. Kuna ndugu yake mwingine mwenye bei, ile ya fokasi, inayokusanya mawimbi yote kwa nukta moja ndani ya mwili, vile glasi ya kukuza inakusanya jua mpaka karatasi inashika moto. Watu wa fizikia wakiwa wakali watakuambia hiyo ya fokasi pekee ndiyo shokwevu halisi, hii ya radiali ni wimbi la presha tu. Wako sawa. Lakini jina limeshika, hakuna wa kulibadilisha.

Hii kitu yote ilianzia kwa ndege. Dornier, kampuni ya ndege ya Ujerumani, ilikuwa inachunguza vile matone ya mvua yanaharibu ndege inayoenda kasi kuliko sauti. Wakagundua tone likigonga bodi, wimbi linapita ndani ya chuma na kuharibu mahali mbali na pale limegonga. Mtu akawaza: kama inaweza kuvunja kitu ndani bila kupasua nje, si tuvunje mawe ya figo? Februari 1980, Munich, mgonjwa wa kwanza akavunjwa mawe bila kisu. Baadaye madaktari wakaipeleka kwa mifupa iliyokataa kuunga, alafu kwa kano na visigino. Marekani, FDA iliruhusu mashine ya kwanza ya kisigino mwaka wa 2000. Ya radiali ikapita 2007.

Mguu wako una shida gani hasa?

Chini ya unyayo kuna utando mgumu, kama mkanda, umetoka kwa mfupa wa kisigino mpaka kwa vidole. Huo ndio unashikilia ule upinde wa mguu. Ukisimama masaa kumi kwa simiti, ama uongeze uzito ghafla, ama uanze mbio kwa fujo, ule mkanda unachanikachanika kidogo kidogo pale umeshikana na mfupa. Usiku ukilala unajikunja na kukauka. Asubuhi hatua ya kwanza inauvuta kwa nguvu. Hapo ndipo msumari unatokea. Daktari ataandika plantafasaitisi.

Kitu watu hawaambiwi ni kwamba mara nyingi inaisha yenyewe. Inachukua miezi, hata mwaka, lakini wengi wanapona bila mashine yoyote. Kumbuka hiyo, juu ndiyo inafanya ikuwe ngumu kujua ni nini imekuponya. Mtu akipigwa shokwevu mwezi wa nane wa maumivu alafu apone mwezi wa kumi, atamsifu fizio mpaka kaburini. Na pengine angepona tu.

Ndiyo maana kuna utafiti. Mmoja mkubwa wa radiali ulitoka 2008. Watu 245, wote kisigino kilikuwa kimewasumbua zaidi ya miezi sita na wamejaribu vitu vingine vikakataa. Nusu wakapigwa kweli, vikao vitatu, risasi 2,000 kila kikao. Nusu wengine wakapigwa na mashine feki, inalia lakini haifikishi kitu. Baada ya wiki 12, wale wa ukweli maumivu yalikuwa yameshuka kwa asilimia 72. Wale wa feki? Asilimia 44 na nusu hivi.

Soma hiyo namba ya pili tena. Mashine ya uwongo ilishusha maumivu karibu nusu. Kwa hivyo ukiona kwa TikTok mtu anaruka ruka baada ya kikao kimoja, hiyo haijathibitisha chochote. Lakini pia ile tofauti ya 72 na 44 si mchezo. Kwa mtu ameteseka nusu mwaka, hiyo ni usingizi na kazi.

Si tafiti zote zilikubali. 2002, Australia, walijaribu mashine ya aina ile nyingine kwa watu 166 na hawakuona tofauti na feki. Uingereza 2009, NICE, wale wa kuamua ni tiba gani iko sawa, walisema haina hatari kubwa lakini ushahidi unagongana, kwa hivyo mgonjwa aambiwe hivyo kabla aanze. Wewe uliambiwa?

Alafu kuna huu wa 2010, wenye naupenda juu unauma watu wa biashara. Walichukua watu 102 wenye kisigino kilikuwa kimeanza juzi, chini ya wiki sita. Kundi moja likapigwa shokwevu ya radiali. Lingine likafundishwa zoezi moja la kunyoosha unyayo, wafanye nyumbani. Wa zoezi waliwashinda wa mashine.

Zoezi lenyewe ni hili, na halilipishwi. Kabla utoke kitandani asubuhi, kabla ya ile hatua ya kwanza, kaa, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote, vivute nyuma kuelekea muundi mpaka usikie mkanda wa unyayo umekaza. Ukipitisha kidole gumba cha mkono pale chini utausikia uko kama waya. Hesabu mpaka kumi, wachilia. Rudia mara kumi. Mara tatu kwa siku, na pia kila ukisimama baada ya kukaa sana. Ongeza kupanda na kushuka polepole kwa vidole ukiwa kwa ngazi, ukiwa umekunja taulo chini ya vidole. Chupa ya maji ya barafu, uiviringishe chini ya unyayo jioni. Na viatu, buda. Sapatu imekwisha kisigino haibebi gunia.

Kama kisigino chako kina wiki tatu, hiyo paragrafu hapo juu ndiyo dawa yako, na pesa ya shokwevu nunua viatu.

Ukienda sasa, inakuwaje

Tuseme umefanya mazoezi miezi mitatu, minne, umebadilisha viatu, na bado. Hapo sasa shokwevu inaingia kwa hesabu, na sioni aibu kusema ukiwa na doh, ijaribu.

Unalala kifudifudi. Fizio anabonyeza na kidole mpaka uruke, hapo ndipo penyewe. Anapaka jeli, kama ile ya skeni ya mimba. Anaanza na presha ya chini, anaongeza vile unavumilia. Inauma, usidanganywe. Ni maumivu ya kubonyezwa kidonda cha zamani, na wengi wanaona yanapungua baada ya dakika ya kwanza. Hakuna sindano ya ganzi, na haifai kuwekwa, juu wewe ndiye ramani yake, unamwambia hapo, hapo, toka hapo.

Piga hesabu. Risasi 2,000, kumi kwa sekunde, ni sekunde 200. Dakika tatu na kitu. Kawaida ni vikao 3 hadi 5, wiki moja katikati. Ukiambiwa ngiri tatu kwa kikao, hiyo ni hadi ngiri kumi na tano kwa dakika kama kumi na saba za kugongwa. Na kama umetumwa Eldoret, weka nauli ya kwenda na kurudi mara tano, kupitia Moi's Bridge ukitoka Kitale ama Webuye na Turbo ukitoka Bungoma, na siku tano za kazi zenye hukufungua biashara. Hiyo ndiyo bei ya ukweli, si ile ya bango. Kwa hivyo zile dakika zingine za kikao zinafaa kutumika kukupima, kukuangalia ukitembea, kukufundisha mazoezi. Fizio mwenye anakugonga dakika tatu na kuita mtu mwingine amekuuzia nusu ya tiba.

Kwa nini inasaidia? Hapo wanasayansi bado wanabishana. Wengine wanasema inachosha neva za maumivu pale. Wengine wanasema ule mgongo unaamsha kano iliyolala, damu inaongezeka, mwili unaanza kukarabati kitu ulikuwa umekipuuza. Pengine ni vyote. Cha maana kwako ni kwamba siku mbili tatu za kwanza pale panaweza kufa ganzi, na ukadhani umepona. Kwa mashindano ya farasi, shirika la kimataifa linakataza farasi kupigwa shokwevu siku za mwisho kabla ya kushindana, juu farasi asiyesikia maumivu atakimbia mpaka avunjike. Farasi analindwa na sheria. Wewe unalindwa na nani ukitoka kliniki saa nne na saa sita uko sokoni na gunia? Jipe angalau siku mbili bila mizigo mizito wala kukimbia.

Wekundu kidogo, kuvimba kidogo, alama ya bluu, hizo ni kawaida na zinaisha.

"Inatibu kila kitu"

Anti yangu anauza ndizi Chwele. Mgongo ulimsumbua msimu mzima wa kupanda, akasikia kuna kliniki iko na mashine, jina niliwache. Hakupimwa, hakuulizwa anabeba nini wala analala wapi. Aliambiwa alipe vikao kumi kwanza ndio apate bei ya kuteremka. Anti akaketi, akamwangalia yule kijana wa koti jeupe.

"Kijana wangu, hii kitu inatibu nini?"

"Mama, hii inatibu kila kitu."

Anti akachukua mkoba. "Hata Panadol haitibu kila kitu," akasema, na akarudi kwa ndizi zake.

Alikuwa sawa kuliko alivyojua. Shokwevu iko na ushahidi mzuri kiasi kwa kisigino sugu. Kwa kano ya nyuma ya kisigino, ile ya Akilisi, inasaidia zaidi ikichanganywa na mazoezi ya kuteremka polepole kwa ngazi kuliko mazoezi peke yake. Kwa bega lenye chokaa imejikusanya kwa kano, kuna matumaini, ingawa kwa bega kwa jumla uchambuzi mkubwa wa 2020, uliounganisha tafiti 32, haukuona faida kubwa ya kujivunia. Kiwiko, matokeo ni ndiyo na hapana. Lakini mgongo wa chini? Ushahidi ni mwembamba. Na kumbuka ile hesabu ya sentimita 3 ama 4. Diski ya mgongo iko ndani kuliko hapo, huwezi kuifikia na bunduki ya hewa.

Kuna watu hawafai kuguswa nayo, na lazima uulizwe kabla. Mwenye mimba, isikaribie tumbo wala mgongo. Mwenye shida ya damu kuganda, ama anameza dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini. Mtoto ambaye mifupa bado inakua. Mahali pana saratani, kidonda ama usaha. Juu ya mapafu. Mwenye kifaa cha moyo. Mtu aliyechomwa sindano ya steroidi pale pale ndani ya wiki sita zilizopita, juu kano inaweza kukatika. Mwenye kisukari chenye kimeua ganzi ya miguu, kwa sababu hawezi sema "hapo umezidisha." Na huku kwetu magharibi hatuwezi kuwacha siko seli nje. Kama unaishi nayo, maumivu yako ya mfupa si ya kugongwa kabla daktari wako ajue.

Na kuna maumivu hayangoji fizio kabisa. Yanakuamsha usiku, yako na homa, mguu umevimba upande mmoja, umepungua uzito bila sababu, ama mgongo unauma na miguu imekufa ganzi au mkojo unatoka bila ruhusa. Hiyo ni hosi, siku hiyo hiyo.

Anayeshika bunduki ni muhimu kuliko bunduki. Kenya kuna Sheria ya Wafiziotherapia ya 2014, na chini yake kuna Baraza la Fiziotherapia, PCK, linalosajili na kutoa leseni. Kumuuliza mtu leseni si madharau. Mwenye iko nayo ataionyesha bila kununa. Muulize pia mashine imepiga risasi ngapi, juu nyingi zinahesabu zenyewe. Karisasi na mtutu vinachakaa, raba za ndani zinaisha, na mashine iliyochoka inapiga kelele ile ile bila nguvu ile ile. Kwa maneno mengine, inageuka ile feki ya utafiti, na wewe unalipa bei ya ukweli. Na ile bunduki ya masaji inayouzwa mtandaoni, ya betri, si shokwevu. Inatingisha misuli, ni tamu, lakini ni kitu kingine.

Kama hujui pa kuanzia, anza na idara ya fizio ya hospitali ya rufaa ya kaunti, ya Kitale ama ya Bungoma. Si lazima upate mashine huko. Unaenda kutafuta jina la shida yako, na mtu wa kukuonyesha mazoezi. Ukishajua ni kisigino na si mfupa umepasuka, hapo unaweza kuzunguka tao ukilinganisha bei. Na kama uko kwa SHA, uliza kama kikao kinalipwa kabla ulale kwa kitanda, si baada.

Ukiamua kupigwa, andika kwa simu maumivu ya hatua ya kwanza kila Jumatatu asubuhi, sufuri hadi kumi. Usihukumu wiki ya pili, kano inajijenga polepole na matokeo yanapimwa wiki ya 12. Kama ulianza na nane na wiki ya 12 bado ni nane, usinunue vikao vingine vitano. Rudi kwa daktari na hiyo orodha kwa simu, mwambie akuangalie upya, pengine na eksirei.